Siku Niliyokwenda Ukweni na Vazi la Kuzamia

Jamani, aibu hii ningeizika nikanyamaza kama mtaa wetu mzima wa Rwezamenyo usingekuwa unaijua, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasikia ile ya majirani (ya kwao imetiwa chumvi).

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, vita iko huko kaskazini, na hapa Kigali tulitafuta chochote cha kutukutanisha tuongee mambo mengine. Sisi wachache tukapata kuzamia majini. Mwalimu wetu, Luc, Mbelgiji fundi wa mitambo, alikuwa anatupeleka Ziwa Kivu na mitungi yake ya hewa, na baadhi ya Jumamosi tulikaa kwenye mgahawa mmoja Nyamirambo, tunakula brosheti, ile mishikaki yetu, tunapiga soga na kuwakaribisha wageni wanaotaka kujaribu. Kukaribisha ilikuwa kazi yangu, kwa sababu nina mdomo.

Jumamosi hiyo mgeni alikuwa mmoja, Beata, karani wa wizara kule Kacyiru, aliyekulia Bujumbura. Alikaa pembeni kabisa mwa benchi, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi.

"Mimi naogopa maji," akaniambia. "Nimekuja kuangalia tu."

Nikajua akiondoka hivyo harudi, na hapo nikaamua jambo dogo: badala ya kumwonyesha vazi letu la mpira la kuzamia mkononi, nilivae, aone si kitu cha kutisha. Nikaingia chumba cha nyuma, nikavua shati na suruali, fulana nikaibakiza (haya zangu hizo), nikajisukuma ndani ya lile vazi, Luc akavuta zipu mgongoni, ikapanda, ikapanda, ikafika shingoni ikaing'ata fulana, ikakwama. Haipandi, haishuki. Tukajaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya kupikia, kila mtu akavuta kwa zamu yake, na katikati ya kuvutwa nikasikia adhana ya alasiri.

Sasa, siku hiyohiyo, baada ya alasiri, Mzee Ramadhani alikuwa ameniita kwake tuongee habari ya binti yake, Mwajuma. Mzee yule ukimchelewesha, mke umemkosa. Kanzu yangu nilikuja nayo imepigwa pasi, nikaivaa juu ya mpira, nikafunga vifungo mpaka shingoni, nikatoka mbio (mbio gani, natembea kama bata).

Msikitini sikuweza kuingia, ningetawadha vipi? Nikaenda moja kwa moja kwa mzee, nikamsubiri pale barazani mpaka akarudi, akanikaribisha ndani, nikakaa kitini, mpira ukalia kwii.

"Sikukuona msikitini," akasema.

"Nilipata dharura kidogo, mzee wangu."

"Unaumwa? Mbona jasho linakutiririka?"

"Ni joto tu, mzee."

Akanusa. "Na hii harufu ya tairi inatoka wapi?"

Kabla sijapata uongo wa kumjibu, tukasikia hodi. Ni Beata. Maskini, kwa moyo wake mzuri, alikuwa ameona funguo za nyumba yangu zimebaki mfukoni mwa suruali niliyoiacha, akaulizia njia ya kwa mzee mpaka akafika, na sasa amesimama mlangoni, mbele ya mzee, mbele ya mama Mwajuma aliyekuwa analeta chai, ananinyooshea nguo.

"Bwana Hamza, umesahau suruali yako kule kwetu."

Mama Mwajuma akaweka birika chini polepole. Mzee hakupaza sauti, aliuliza tu, "Kwenu wapi?" na mimi nikaona mke anaondoka hivi hivi. Nikasimama, nikapandisha kanzu mpaka magotini, mpaka kiunoni, mpaka kifuani, mpira mweusi tii, na huku nimeinua nguo mbele ya wakwe nikaeleza yote.

Mzee alisikiliza amekunja uso, kisha mabega yakaanza kumtikisika, akajifunika uso kwa kofia yake, na nyuma ya pazia Mwajuma alicheka mpaka akakohoa. Beata akaomba mkasi. Nikavua kanzu, akaniinamisha kichwa, akaikata fulana kidogo kidogo kuzunguka meno ya zipu, huku ananiambia, "Tulia, pumua polepole, usiwe na haraka," maneno yaleyale ambayo mimi nilitakiwa nimfundishe yeye. Zipu ikaachia, nikakimbilia chumba cha mzee kumalizia kuvua, na ule upepo uliopita mgongoni sijapata mwingine mtamu kama huo.

Nilipokuwa namsindikiza Beata nikamwambia najua hatutamwona tena.

"Nitarudi," akasema. "Niliogopa mtanicheka nikishindwa. Sasa naona huko hakuna wa kunicheka."

Kweli alirudi, na wenzake wawili wa ofisini, na Ziwa Kivu akazamia. Mwajuma nilipewa, ingawa mzee alikuwa akinitambulisha kwa watu kama mkwe wake wa tairi. Kukaribisha wageni niliendelea nako, kwa raha zangu, ila vazi niliwaonyesha limetundikwa msumarini, na siku ya kwenda ukweni kwenye mgahawa ule sikanyagi, hata wanibebe.