Salamu za Guyo kutoka Khartoum

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti, penseli na redio ya mawimbi mafupi, yale yanayodunda angani na kwenda mbali, hata mtu wa Isiolo akaisikia Cairo kabla hajaisikia Meru. Nyuma yangu alisimama Afisa Habari wa Wilaya, mtu wa milimani aliyevaa sweta hata wakati wa kiangazi. Alikuwa ameambiwa kwamba kuna kijana wa mtaa wa Wabera aliyemaliza madrasa na anaelewa Kiarabu.

"Sikiza, halafu uniandikie kwa Kiswahili," alisema. "Sitaki maoni yako. Nataka masikio yako."

Taarifa ya kwanza niliyoipata ilihusu maandamano katika mji mmoja wa Waarabu. Niliandika kwamba watu wengi sana walikuwa wametoka barabarani. Afisa alisoma, akanirudishia karatasi.

"Wengi kama nini? Kama watu wa mazishi ama watu wa mnada?"

"Mtangazaji hajasema, sir."

"Basi andika hajasema."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Tuliiita usikilizaji. Unakaa na vituo vya nje, unachukua kiini cha habari, unakileta nyumbani kwa lugha ya watu wako bila kukitia chumvi. Penye shaka unasema pana shaka. Vijana wananiuliza kama haikuchosha. Ilichosha masikio, lakini sijawahi kuichoka.

Kutoka hapo nilihamishiwa Merti, ambako ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja na ubao wa kubandikia habari. Huko nilijifunza jambo ambalo redio haikunifunza. Lori kutoka Isiolo lilipofika, abiria aliyeketi juu ya magunia alishuka na habari zote za mji, na hakuna aliyemuuliza. Kwanza nagaa. Neno hilo la Kiborana ni amani, na huulizwa kwa zamu: wewe, nyumba, watoto, ng'ombe, ngamia, mvua, mto. Kila swali hujibiwa nagaa, hata kama nyumbani kuna msiba. Zikiisha salamu ndipo mgeni hukohoa kidogo, akasema, "Sasa habari yenyewe ni hii."

Mimi mtoto wa mjini siku moja nilimpigia abiria kelele kabla hajakanyaga chini, nikitaka bei ya ng'ombe mjini. Karani wa Chifu alinishika bega.

"Kijana, hata mbuzi hunusa kabla ya kula. Wewe ulizaliwa wapi?"

Watu walicheka mpaka dereva akazima injini ili asikie. Tangu siku hiyo sikuruka salamu tena.

Serikali ilipopunguza wafanyakazi, nilirudi mjini Isiolo nikaajiriwa na kituo kidogo cha redio. Meneja wa Kituo alikuwa mama kutoka Meru, mwepesi wa miguu na wa maneno, ambaye sote tulimwita Madam. Adui yake mkubwa alikuwa kimya cha hewani, yaani pale mtangazaji anaponyamaza na msikilizaji akadhani kituo kimekufa. Akikisikia alitoka ofisini mbio. Mitambo ilikuwa mikononi mwa Fundi Ekal, Mturkana mpole, aliyejua kuingiza simu hewani bila mlio wala mkwaruzo.

Kila Ijumaa baada ya sala nilikuwa na kipindi cha salamu za wanafunzi walio nje, na sauti yake kubwa ilikuwa Guyo. Huyu alikuwa kijana wa kijiji cha Korbesa aliyepata ufadhili wa kusomea udaktari wa mifugo Khartoum. Alipiga kwa njia ya intaneti, akawasalimu wazazi kwa niaba ya wenzake wote. Kwao mtandao ulikuwa haushiki, kwa hiyo mama yake alimsikia mwanawe kama walivyomsikia wengine wote, kupitia sisi.

Kisha mkate ukapanda bei Sudan, na watu wakaingia barabarani. Guyo akaanza kuongeza maneno mawili matatu mwishoni mwa salamu. Madam aliniita ofisini.

"Mzee, hii ni redio ya salamu na mvua. Siasa ya Sudan tumeitoa wapi?"

"Madam, kuna watoto wetu huko."

Aligonga meza kwa kalamu. "Basi vyanzo viwili. Kijana akisema jambo, na wewe ulisikie kwenye kituo cha Kiarabu, ndipo litoke."

Ndivyo tulivyofanya. Rais wao aliondolewa na wanajeshi, lakini watu hawakurudi nyumbani. Walikaa mbele ya makao makuu ya jeshi wakidai serikali ya raia. Guyo alitusimulia kwamba wengine walipika chai, wengine waliimba, wengine waliwafundisha watoto wa mitaani kusoma, palepale barabarani.

"Wengi kama nini?" nilimuuliza. "Kama Merti siku ya mnada?"

Alicheka. "Mzee, chukua Merti, ongeza Isiolo, kisha leta na mifugo."

Wiki hiyo dereva wa pickup alileta ujumbe kutoka Korbesa. Mama Guyo alitaka mwanawe aondoke mahali panapotazamana na bunduki. Nikausoma hewani kama ulivyo. Ijumaa iliyofuata Guyo alijibu, "Mwambieni mama, mimi napeleka maji tu." Na jibu la mama likaja kwa pickup ileile: "Hata ngamia wake wanataka maji. Alete huku."

Mjini watu walirudia maneno hayo kwa vicheko. Mimi pia nilicheka.

Mwishoni mwa Ramadhani nilikuwa nimevaa visikizio nikasikia kwamba askari wamevunja kikao kile kwa risasi. Idadi ya waliouawa ilitofautiana kati ya kituo na kituo, nikaandika kwamba inatofautiana. Intaneti ya nchi nzima ilikatwa, na njia ya Guyo ikakatika nayo. Tulijaribu namba yake ya kawaida asubuhi na jioni, haikuita.

Mama Guyo alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye vumbi la safari kwenye shuka. Aliketi kwenye benchi nje ya studio na kukataa chai kwa sababu alikuwa amefunga.

"Sijaja kuwasumbua," alisema. "Nimekuja karibu na mahali sauti inatokea."

Alilala kwa jamaa zake Wabera, na kila asubuhi alirudi kwenye benchi lile. Hata siku ya Idi alikuwepo. Tulikuwa hewani na salamu za sikukuu simu ya studio ilipoita, namba ndefu ya nje. Fundi Ekal alinitazama, akasukuma kitelezo juu. Kitelezo ni kile kifimbo cha mtambo kinachopandisha sauti. Akampungia mkono Mama Guyo, naye mama akaja kusimama kwenye kioo.

"Assalam aleikum, mzee. Idi njema."

"Waaleikum salaam, Guyo! Nagaa?"

"Nagaa. Wewe una nagaa?"

"Nagaa."

"Mama ana nagaa?"

"Nagaa. Yuko hapa, nyuma ya kioo."

"Watoto wa nyumbani?"

"Nagaa."

"Dimtu amezaa?"

Dimtu alikuwa ngamia wao mwekundu. Nilimtazama mama. Alitikisa kichwa, akaonyesha tumbo kwa mkono.

"Bado. Tumbo ni kubwa."

"Mvua ilipita Korbesa?"

"Ilipita kidogo."

"Na mto?"

"Una maji."

Guyo alikohoa kidogo. "Sasa, mzee, habari yenyewe—"

Simu ikakatika.

Nilijaza kimya kwa kutaja majina ya waliotuma salamu za Idi, kwa sababu kazi ilinifunza hivyo, na Ekal akaweka kaswida. Madam alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mzee! Mtu anapiga simu kutoka penye risasi, na nyinyi mnaulizana mimba ya ngamia?"

"Madam," Ekal alisema polepole, "hata mimi ningeuliza."

"Wewe Mturkana ungeuliza nini?"

"Ningeuliza mbuzi."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine tungecheka. Mama Guyo alikuwa ameingia bila kubisha.

"Usimgombeze," alimwambia Madam. "Mtu aliyeshikwa shingo haulizi mvua. Mtoto wangu amenisalimia kama mtu." Kisha akamgeukia Ekal. "Hiyo sauti imebaki ndani ya mashine?"

"Imebaki, mama. Kila kinachotoka hewani kinabaki."

"Nirudishie."

Madam ndiye aliyemletea kiti.

Intaneti iliporudi, wanafunzi wetu walipiga mmoja baada ya mwingine. Guyo hakupiga. Waliorejea nyumbani walituambia kwamba alikuwa mzima siku ya Idi. Baadaye alitoka kumtafuta mwenzake wa darasani, Msudani, ambaye hakuwa amerudi kwao tangu siku ya risasi. Hakuna aliyemwona Guyo amekufa, na hakuna aliyemwona hai. Jamaa waliuliza ubalozini, wenzake waliuliza hospitalini. Baada ya miaka kadhaa vita vikaingia nchi ile, na wa kuulizwa wakatawanyika.

Niliposhika umri wa kustaafu, Madam alinifanyia karamu ya pilau na hotuba fupi. Alisema nilikuwa mwalimu wa vyanzo viwili. Sikumkumbusha kwamba sheria hiyo ilikuwa yake. Wala sikumwambia kwamba kuhusu habari niliyoitafuta kuliko zote, sikupata hata chanzo kimoja.

Siku hizi vijana wanaletewa habari mfukoni kabla aliyeanguka hajafika chini. Siwalaumu, maana hata mimi natazama. Lakini nakosa mambo. Nakosa mngurumo wa mawimbi mafupi na taa nyekundu ya studio. Nakosa Ijumaa baada ya sala, mji ukiwa umetulia, na zaidi ya yote kile kikohozi kidogo cha mtu aliyemaliza kunisalimu na sasa yuko tayari kuniambia. Nyinyi mnaoniuliza, mkiandika historia ya kazi yetu, nawaomba mkiandike na hicho kikohozi.

Mama Guyo akileta mbuzi mnadani, hupanda boda mpaka kwangu Wabera. Fundi Ekal alinitilia rekodi ile kwenye simu. Mama ana simu yake sasa, lakini husema anapenda kuisikiliza hapa, kwa kuwa na mimi nimo. Tunaiweka mezani katikati ya vikombe. Juzi alikuja baada ya mvua, viatu vyake vina tope.

"Mama ana nagaa?" Guyo aliuliza.

"Nagaa," Mama Guyo alijibu, juu ya sauti yangu ya zamani.

"Dimtu amezaa?"

"Amezaa, mwanangu. Hata yule mtoto wake naye amezaa."

"Mvua ilipita Korbesa?"

"Imepita. Nyasi ziko magotini."

"Na mto?"

"Umejaa. Malori yanangoja ng'ambo."

Guyo akakohoa. "Sasa, mzee, habari yenyewe—"

Kazini nilifunzwa kuziba kimya. Nyumbani nakiacha. Tulikaa nacho mpaka chai ikapoa, boda wakipita nje. Kisha Mama Guyo akanisukumia simu.

"Rudisha mwanzo," alisema. "Sijamwambia habari ya mbuzi."