Rangi Iliyovuka Barabara

Mjomba ni mtunza ghala wa kiwanda cha rangi. Kwa miaka kumi na tisa hakuna ndoo iliyotoka bila yeye kuitupia jicho. Ni mtu wa maneno. Ukimuuliza saa, atakueleza kwanza alivyoinunua. Ila jambo moja hakuwahi kulisema nyumbani.

Kila mwaka wa hesabu unapokaribia kufungwa, mauzo yakiwa yamelegea, meneja humwita pembeni. Malori hupakiwa rangi, huvuka barabara tu, huishusha kwenye ghala la kukodi. Mjomba hutia sahihi hati za kutoa mzigo, na vitabuni rangi huhesabiwa imeuzwa. Faida hupanda, bei ya hisa hupaa, wakubwa huchukua marupurupu yao. Miezi miwili baadaye ndoo zilezile huanza kurudi kidogo kidogo, zikiitwa mzigo uliorejeshwa na wateja. Mjomba alijiambia kazi yake ni kufungua lango. Hesabu ni za wavaa tai. Alikuwa na watoto wa kusomesha, na maelezo hayo yalimtosha.

Mwaka huu Mama, dada yake mkubwa, muuguzi aliyestaafu, akasoma gazetini kwamba kiwanda kimepata faida ya kutisha. Akampigia simu papo hapo.

"Kiinua mgongo changu chote nakitia kwenye hisa zenu kesho. Si ndugu yangu upo humo humo?"

Mjomba, na mdomo wake wote ule, akababaika. Mwishowe akasema, "Dada, usilipe hata senti. Njoo kwanza ghalani."

Nilimsindikiza Mama. Tulikuta lori linashusha ndoo zilizorudi. Mjomba akaeleza yote bila kupamba. Mama akavaa miwani, akachukua hati moja mezani.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu, dada."

Nilidhani atamshukuru, maana pesa zake zilikuwa zimepona. Yeye akairudisha hati mezani, akainyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha shuka.

"Mimi nina ndugu ghalani," akasema. "Na mwenzangu niliyekuwa naye wodini, aliyenunua hisa hizi wiki iliyopita, yeye alikuwa na nani?"

Nampenda sana mjomba wangu, lakini siku ile sikuweza kumtetea.