Kinundu cha Sita

Fundi Sindano alipoondoa kitambaa juu ya gego la mnyama wa kale, alidhani macho yanamdanganya. Jana aliliacha na vinundu sita. Leo vilikuwa vitano, na pale pa sita palikwanguliwa hadi pakang'aa kama kitako cha sufuria.

Jina la Sindano alibandikwa kazini, katika chumba cha nyuma cha makumbusho, maana sindano haikumtoka mkononi. Tangu usichana wake aliitumia kubandua mawe yaliyogandia meno ya wanyama waliotoweka, punje kwa punje. Nyumbani alichemsha vichwa vya mbuzi na nguruwe apate kulinganisha, na mumewe akanung'unikia harufu mpaka akachoka. Gego la mbuzi lina kingo zilizopinda kama mwezi mchanga. La nguruwe limejaa vinundu. Mnyama mwenye gego hili la mezani alifanana na nguruwe kwa kila kitu, isipokuwa kinundu kimoja cha ziada pembeni, kidogo kama punje ya mtama. Bila hicho, ni nguruwe tu. Na gego lenyewe lilikuwa moja, halina mwenzake.

"Nani kagusa hapa?"

Kaka yake, msimamizi wa chumba, alikuja akijifuta mikono kwenye koti. "Mimi. Kulikuwa na kijiwe kimebaki, nikakusaidia. Si unajua mtafiti anakuja leo kuliona?"

"Kijiwe? Kaka, kile kilikuwa jino!"

"Punguza sauti, mdogo wangu. Ziba kwa plasta ya jasi kidogo, paka rangi. Nani atajua?"

Damu ilimchemka. Hata pole hakuna! Angekuwa kibarua wa juzi, angeshafukuzwa. Lakini huyu ndiye aliyemtafutia kazi, na hakuchoka kumkumbusha. Sindano alipekua vumbi lote la mezani. Akapata unga mtupu. Kopo la plasta hakuligusa.

Mtafiti alifika na wageni wengine, akainama juu ya gego, akainama tena.

"Mbona hapa pamekwanguliwa?"

Kaka akacheka haraka haraka. "Ni dada yangu huyu. Sindano ilimteleza, bahati mbaya."

Wote wakamgeukia kwa huruma. Huruma! Sindano akaushika mkono wa kaka yake, akauinua juu mbele ya wageni wote.

"Mkono uliokwangua ni huu hapa."