Hodi ya Waya wa Tatu

Gari langu lilikuwa maarufu kwa sauti kuliko mimi nilivyo maarufu kwa sura. Lilikuwa linamisi. Silinda ya tatu ilifanya kazi pale ilipojisikia, kama mtoto anayetumwa kuchota maji, na gari zima likawa linakwenda kwa kukohoa. Likianza kupanda kuelekea Kamachumu, ukweni kwangu, nina hakika wavuvi walio visiwani huko ziwani waliinua vichwa, na ng'ombe wa Izimbya, ambako sikuwa naelekea kabisa, waliacha kutafuna wakasikiliza.

Lakini kabla ya wavuvi na ng'ombe, aliyelisikia ni mama mkwe wangu.

Katika nyumba ile ya ukweni, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hakuna ugomvi wowote, ni heshima tu. Siku hizi wengi wameshaiacha, utawaona harusini wamekumbatiana mbele ya kamera. Mama mkwe wangu hakuiacha. Na kikohozi cha gari langu kilimfaa sana, maana kikianza kule bondeni alikuwa na muda wa kutosha: aliweka kisu juu ya ndizi alizokuwa akimenya, akanawa mikono, akajitanda khanga yake, akaingia chumba cha ndani na kuurudishia mlango. Mimi nikifika nakuta uwanja mtupu, maganda bado mabichi, moshi wa jikoni ukizunguka polepole kama uliosahau unakokwenda. Kisha sauti nyuma ya mlango:

"Karibu, mkwe wangu. Habari za mjini?"

Nikaongea na mlango. Tangu nioe nimeongea na mlango ule kuliko nilivyoongea na ndugu zangu wengine. Nilijua kila fundo la mbao zake. Sauti iliyotoka nyuma yake ilikuwa ya chini, yenye joto, na mara nyingi nikiwa nimeketi pale kwenye kigoda, natafuna buni za kahawa nilizoandaliwa, mvua nyepesi ikipita juu ya migomba, nilisinzia huku tunazungumza. Niliota kwamba mlango wenyewe ndio ulionizalia mke.

Basi mke wangu akajifungua. Mtoto mwenyewe, bila kutia chumvi, ndiye mzuri kuliko wote waliowahi kuzaliwa mkoa wa Kagera. Lakini bibi yake hakuwa amemwona. Mabasi yanamchafua tumbo vibaya, magoti hayampi nafasi ya kusimama kituoni, na kulala nyumbani kwa mkwe ni jambo ambalo hata usimtajie. Kwenye simu alikuwa akiuliza swali moja tu, kujua kama mtoto amefuata ukoo wao:

"Ana mikono mirefu?"

"Mirefu, Mama," mke wangu alijibu, kisha akakata simu na kumwangalia mtoto. "Ana paji la uso la Mama," aliniambia. "Na mwenyewe paji hajaliona."

Wewe hujawahi kumwona mwanamke anayemhitaji mama yake na mama yuko juu ya kilima kinachoonekana. Nyumba yetu ya Bukoba ikawa na mwangwi.

Aliyepata njia ni shangazi wa mke wangu, anayeishi na mama mkwe. Akapiga simu: mama atakuja na kurudi siku hiyohiyo, atakaa kiti cha nyuma pamoja naye, amejitanda mpaka kichwani, na mimi nitageuza kioo cha ndani kiangalie juu.

"Hilo limekwisha," alisema. "Sasa hilo gari lako. Likitufia kilimani, mwanangu, mimi sisukumi. Nitashuka niendelee kwa miguu nikikuacha na mama mkwe wako mtazamane."

Ndiyo maana asubuhi ile nilinunua plagi nne mpya, zile zinazotoa cheche ndani ya injini, nikafungua boneti uani kwangu. Injini ilikuwa imepoa, na ndivyo inavyotakiwa. Ukungu wa ziwa ulikuwa umeingia hadi kwenye kamba ya nguo, nepi zikaelea humo kama mawingu madogo yaliyopangwa mstari. Fizikia yangu niliisoma sekondari ya usiku, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, darasani pamoja na walinzi na wauza samaki, tukipokezana kusinzia. Mwalimu alipofika kwenye cheche mimi nilikuwa usingizini, na nadhani ndiyo sababu mpaka leo nikiona plagi nasikia kama naendelea na ndoto ileile.

"Ukiliua hilo gari," mke wangu alisema kutoka barazani, mtoto kifuani, "utakwenda kumbeba Mama mgongoni."

"Mkwe hambebi mama mkwe mgongoni."

"Basi usiliue."

Nilichomoa waya mmoja, nikatoa plagi moja, nikaweka mpya, ndipo nikaenda kwa waya unaofuata, ili waya zisichanganyikane. Kila kitobo nilikipuliza kwanza mchanga usije ukaanguka ndani. Plagi mpya niliichomeka kwenye kipande cha mpira wa mafuta, nikaizungusha kwa vidole mpaka ikashika njia yake yenyewe, taratibu, kama mtu anayejilaza kitandani alikokuzoea. Spana ilikuja mwisho, kwa kukaza kidogo tu. Ile ya tatu ilipotoka ilikuwa nyeusi tititi, imelowa. Nilimwonyesha mke wangu.

"Maskini," akasema. "Ndiyo iliyokuwa inakohoa?"

Nikawasha. Sikusikia kitu. Nilidhani limegoma, nikawasha tena, likanipigia kelele za meno yanayosagana kwa sababu lilikuwa tayari linanguruma. Kimya hicho! Ungeweza kuweka yai juu ya injini na kuku akaja kulilalia.

Safari ya kwenda sijui kama niliendesha au nilibebwa. Migomba ilinipita, makanisa yakanipita, kahawa iliyoanikwa mbele ya nyumba ikanipita, na kwa mara ya kwanza katika barabara ile nilisikia ndege. Kilima cha mwisho nilikipanda kama moshi. Nikakata kona, nikaingia uwanjani, nikashuka.

Na mama mkwe alikuwa pale.

Alikuwa ameketi kwenye maganda, kichwa wazi, mikono myeusi kwa utomvu wa ndizi hadi kwenye viwiko. Magari ya watu yanapita barabarani kutwa nzima, yeye alikuwa akisubiri kikohozi. Tulitazamana. Nililiona paji la uso la mwanangu, lilelile, lenye mvi juu yake. Kisha nikaangalia chini, na niliposikia sahani ikidondoka, alikuwa ameshaingia migombani, magoti mabovu na yote.

Shangazi akatoka ndani. "Wewe! Umeingia kama paka! Kikohozi chako kiko wapi?"

"Nimekitengeneza, Shangazi."

"Umekitengeneza! Waitu, mwanangu, nani alikutuma?"

Sauti ilitoka migombani, ile ya nyuma ya mlango, ila sasa ilikuwa inatetemeka. Haikuniambia mimi. "Mwambie mkwe arudi mjini. Safari imeharibika. Nitampakataje mtoto, na baba yake ameniona hivi nilivyo?"

Nilisimama pale na gari langu zima, zuri, lisilo na maana. Nilimfikiria mke wangu ambaye muda huo alikuwa akifagia nyumba iliyokwisha fagiwa. Kisha nikasema, sijui maneno niliyatoa wapi:

"Shangazi, mimi sijafika bado."

"Nini?"

"Sijafika. Niko njiani. Ngojeni, mtanisikia."

"Mtu amesimama mbele yangu na viatu vyake ananiambia hajafika!" Lakini alinitazama kidogo, akacheka, akaziba mdomo kwa khanga. "Haya. Nenda ukafike."

Niliteremka hadi bondeni. Nikazima, nikafungua boneti, nikachomoa waya wa tatu na kuufunga pembeni usiguse chuma. Nikawasha. Rafiki yangu wa zamani akarudi, anatikisika, anakohoa, anapiga mabomu. Tulipanda kile kilima kwa mwendo wa konokono mwenye mizigo, na nilipita kila kona nikiomba mama mkwe apate muda wa kunawa bila haraka.

Uwanja ulikuwa mtupu. Maganda yamefagiwa. Moshi ulikuwa ukizunguka. Nikaketi kwenye kigoda changu.

"Karibu, mkwe wangu," mlango ulisema. "Habari za mjini?"

"Nzuri, Mama. Ndiyo nafika."

"Tumekusikia tangu bondeni."

Waya niliurudishia kabla hawajapanda gari. Njiani kioo changu kiliangalia mawingu tu, nami niliyaangalia pamoja nacho kila barabara iliponiruhusu. Nyuma yangu mama mkwe alimnong'oneza shangazi: "Hili gari lina injini kweli?"

"Inayo. Mkwe wako ameifundisha adabu."

Bukoba nilibaki uani, nimeinamia boneti kana kwamba kuna kazi. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia mke wangu akilia na kucheka, mtoto akilia tu, kisha mtoto akanyamaza ghafla, kama aliyefika mahali.

"Mikono mirefu," ile sauti ikasema.

Mafundi wanasema naiharibu injini. Huenda. Lakini kila nikifika chini ya kile kilima nasimama, nachomoa waya wa tatu, naufunga pembeni, na kuanza kupanda taratibu, nikikohoa.