Ugali wa Mashimoni

Mara ya kwanza kuliona ziwa nililia. Baba alikuwa amenichukua tushuke Mbaha kubadilisha mahindi na usipa, vile visamaki vidogo vya kukausha, na tulipofika kilele cha mwisho nikaona kule chini pamekuwa buluu tupu. Nikadhani nchi imekatika. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Watu wa ziwani nao wakanitania: "Mtoto wa milimani, njoo unawe, maji hayaumi!" Mengine nimesahau, ila nakumbuka mzigo wa usipa ulivyonuka mgongoni mwa baba, na kwamba tulipofika nyumbani haukwenda kwa mama. Ulikwenda kwa babu, kwenye sengu.

Hapo lazima nieleze. Sengu ni kula pamoja kwetu Wamatengo: wanaume wote wa ukoo wanakusanyika kwa babu, kila mke analeta alichopika, mikono yote inaingia chombo kimoja. Hapo ndipo mgomvi anasemwa na kijana anafundishwa. Anayekula peke yake kwake, watu wanauliza anaficha nini. Mimi kwa mapadre nilisoma kidogo sana, mengine yote nilisomea sengu.

Sasa, utawala wa Mwingereza ukielekea ukingoni, nimeshaoa na mke wangu ana mimba ya kwanza, tukaletewa dresa mpya kwenye zahanati. Dresa ndiye alikuwa daktari wetu wa kila kitu, vidonda, meno, sindano. Alikuwa Mnyasa, mtu wa ziwani, mwenye maneno. Siku moja akatukuta tunakula.

"Shikamoo, mzee," akamwambia babu.

"Marahaba, mla usipa. Leo umekuja kumchoma nani?"

"Leo nimekuja kuwaomba msile."

Tulicheka, yeye hakucheka. Akasema mafua mabaya yamefika ng'ambo ya ziwa, na meli itayaleta.

"Mafua?" akadakia baba yangu mdogo. "Mafua si tunayo kila kipupwe?"

"Siyo haya. Haya yanalaza kijiji kizima kwa pamoja. Yanapita kwenye pumzi, mate na mikono. Wengi mtapona mkilala na kunywa maji. Ninaowaogopea ni wazee na wenye mimba."

Niligeuka kutazama mlangoni. Aliyekuwa akipiga magoti pale mlangoni kila siku, akituletea ugali katikati ya pumzi zetu zote, alikuwa mke wangu.

Mengine tulikubali upesi. Tulijenga banda lisilo na kuta karibu na zahanati, wagonjwa walale penye hewa. Tukapanga kuni, akina mama wa kanisani wakatenga unga wa uji, kila nyumba ikajua jirani gani ataiwekea maji mlangoni ikiugua. Na dresa akasisitiza: mtu kifua kikimchoma akivuta pumzi, abebwe mapema, maana dawa ya mapafu anayo kidogo na haimsaidii aliyecheleweshwa. Lakini kuvunja sengu, babu alikataa kabisa.

"Ugonjwa huu naujua," alisema. "Ulikuja vita ya Mjerumani ikiisha. Niliwakusanya watu wangu wote nyumba moja, moto mmoja, chungu kimoja, asiugue mtu peke yake."

Dresa akauliza polepole, "Wakatoka wote, mzee?"

Babu akatazama moto. Bibi hakutoka, na alikuwa na mimba. Sisi sote tulilijua hilo, ila hakuna aliyewahi kulisema kwenye sengu.

Ndipo mke wangu, kule mlangoni, akasema kama utani: "Babu, si kila mtu akakae na ngolo yake, mle hukohuko?"

Ngolo ni yale mashimo tunayochimba shambani kwenye mteremko, safu kwa safu, mvua isibebe udongo. Maharage tulikuwa tumeshavuna, mashimo yako wazi.

"Yaani sisi ndio tuwe maharage?" baba mdogo akauliza.

Babu akacheka, akafuta macho. "Tutakuwa maharage."

Basi tukala hivyo, jua la mchana likipigana na baridi, kila mtu na sahani yake ukingoni mwa shimo lake, babu juu kabisa. Mke wangu aliweka chakula mwanzo wa shamba na kuondoka. Ugomvi ukawa unasemwa kwa kupiga kelele mlima mzima usikie, na kwa kweli watu walipunguza kugombana.

Mafua yakapanda na wachuuzi wa samaki. Shangazi yetu wa Kingerikiti tulimzika. Babu alilala bandani akiutukana upepo, akapona. Mke wangu hakukohoa hata kidogo. Alijifungua binti, na alipopata nguvu akamleta shambani babu amwone.

Siku hiyo hiyo dresa akapita akienda kwao kupumzika, ameugua naye, amekonda, bado anakohoa. Akasimama ng'ambo ya ngolo, akamtazama mtoto kwa mbali, akatabasamu mpaka masikioni.

"Vuka, mla usipa," babu akamwita. "Leo utakula na mimi sahani moja."

"Kikohozi hiki kiishe kwanza, mzee. Niwekee fungu langu."

Babu akamega ugali, akaufunika kwa jani. Dresa akatupia begi begani, akashika njia ya kuteremka ziwani, na hatukumwona tena.