Salamu za Nyuma ya Jikoni

Leo nimemuua mtu aliyekufa zamani.

Mnajua nilihamia hizi ploti mpya nje ya Nyeri, palipokuwa shamba la kahawa. Kodi ni nafuu, na majirani karibu wote ni wageni kama mimi.

Kila jioni shosho fulani, bibi mzee, hupita nyuma ya jikoni na kuuliza, "Umeshindaje?"

Mlango huwa nimefunga sababu ya baridi, kwa hivyo najibu tu nikipika, "Niko salama!"

Leo nikafungua nimkaribishe chai.

Akashtuka. Akaniangalia mdomo, si macho.

"Kijana wangu aliuza hapa," akasema. "Mzee wangu alizikwa hapo walipojenga jikoni yako."

Halafu, polepole:

"Kumbe ni wewe ulikuwa unajibu."

Chai hakunywa.

Jamani, kesho akisalimia, nijibu ama ninyamaze?