Salamu Ndefu za Profesa

Pale Ibadan, mchezaji akiumia goti au mama akishindwa kuinuka baada ya kusonga amala, ugali wa viazi vikuu, jina la kwanza kutajwa ni la Profesa Olaniyi Akinrinade, mtaalamu wa fiziotherapia. Miaka nenda miaka rudi amechunguza migongo ya wacheza mpira, washonaji na wabeba mizigo. Sifa zilimfikia, naye hakuzifungia mlango.

Gbadebo, beki wa miaka ishirini na kitu, alimjia na ufa kwenye pingili ya chini ya mgongo. Klabu ilikubali kumsubiri mpaka ligi ianze, basi. Profesa akamwingiza katika utafiti wake.

"Kupinda mgongo kwa nyuma ni marufuku," akamwonya. "Hata kujinyoosha kitandani. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Baba."

Wenzake kwenye utafiti wakapona. Yeye wapi! Kila akipigwa picha, ufa uko palepale.

"Unacheza kwa kujificha, wewe!" Profesa akamkaripia mbele ya wanafunzi. "Njia ya mwongo ni fupi."

Gbadebo akaapa, hakusadikiwa. Akaondolewa kwenye utafiti kwa ukaidi. Ligi ikaanza, na klabu ikachukua beki mwingine.

Baadaye Profesa akaitwa na mjomba wake, mzee mwenye uchifu. Akalala kifudifudi kumsalimia, kama mtoto yeyote aliyelelewa. Mzee hakuwa na haraka, na kwa desturi mdogo hainuki kabla mkubwa hajamaliza salamu. Akauliza habari za mke, za watoto, hadi za paa linalovuja. Profesa akawa anajibu viganja vikiwa sakafuni, uso ameuinua, mgongo umepinda kwa nyuma. Kiuno kikamchoma.

Hapo akamkumbuka Gbadebo. Kila alipofika kliniki, kijana alilala vivyo hivyo mbele ya meza yake. Naye alimwacha pale chini, akimuuliza habari za mama, za shangazi, za mtaa mzima, maana ilimpendeza wanafunzi waone anavyoheshimiwa. Kwa aibu akaaga bila kugusa chakula cha mjomba.

Kesho yake akaenda kwa kina Gbadebo. Mama mtu alikuwa mlangoni akikaanga akara, bajia za kunde, Gbadebo ameketi kando yake. Profesa akaeleza yote, kisha akapiga magoti ili ajilaze mbele ya kijana.

Mama akatupa mwiko, akamdaka kwapani.

"Hee! Mzee mzima unajilaza mbele ya mwanangu? Mgongo umeshamharibia, sasa unamletea na laana?"

Profesa akabaki amepiga magoti, hawezi kushuka wala hana uso wa kusimama. Toba nyingine ya kulingana na kosa lake hakuwa nayo.

"Pale chini, ulikuwa unasikia maumivu?" akauliza.

"Kila mara, Baba."

"Mbona hukuniambia?"

Gbadebo akatazama pembeni. "Ulikuwa hujamaliza kunisalimia."